Siku ya Kwanza Kuachiwa Mtoto wa Watu: Mwongozo kwa Kijana

Nilikuwa na miaka 14 nilipolipwa kwa mara ya kwanza kukaa na mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka miwili na ushei. Wazazi walinionyesha chakula kilipo, wakaniandikia namba ya simu, wakanielekeza hata rimoti ya televisheni, kisha wakaondoka. Haikupita nusu saa, mtoto akaanza kumlilia Bobo. Nikampa mwanasesere, akamtupa. Nikampa dubu wa manyoya, akamtupa. Nikafungua makabati, nikapekua kapu la nguo chafu, huku yeye akiita "Bobo" mpaka sauti ikamkauka, akalala kwa uchovu begani mwangu. Mama yake aliporudi alicheka. Bobo ilikuwa leso kuukuu, imebanwa katikati ya mito ya kochi. Swali moja tu, "Huwa analala na nini?", lingetuokoa sote wawili.

Leo mimi ndiye ninayewaachia vijana wanangu, na bado nashikilia nilichojifunza usiku ule: nusu ya kazi hii hufanywa kabla mzazi hajatoka mlangoni. Vijana wanaopenda watoto nimewaona wengi. Wanaojua kuuliza ni wachache, na hao ndio ninaowapigia simu tena.

Hatua ya kwanza: jipime

Kila kijana huanza na swali la umri. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na kwingine hazitaji umri wowote. Uingereza, kwa mfano, hakuna umri wa chini uliowekwa kisheria, ila mlezi akiwa hajafika miaka 16, mzazi ndiye anayebeba dhamana likitokea la kutokea. Msalaba Mwekundu wa Marekani hupokea vijana kwenye mafunzo ya kukaa na watoto kuanzia miaka 11. Lakini kukubaliwa darasani ukiwa na miaka 11 hakumaanishi uko tayari kubaki na kichanga hadi usiku wa manane. Jiulize mambo ya kawaida kabisa: unaweza kukaa saa tatu bila kuzama kwenye simu? Ukisikia kishindo chumbani, unakimbilia huko au unaganda? Unaweza kumwambia mtu mzima "hapana" bila kutetemeka?

Ukiona bado unasitasita, anza kama msaidizi. Mwambie mzazi unayemfahamu kwamba utacheza na mtoto na kumlisha wakati yeye yumo ndani anafanya shughuli zake. Malipo yatakuwa madogo, pengine hayapo, lakini mara tatu nne za namna hiyo zitakufunza kuliko maelezo ya mtu yeyote, yangu yakiwemo. Utajua mtoto akichoka anafanyaje, na mzazi naye atakuona ukifanya kazi.

Chagua pia umri wa mtoto. Wa miaka minne hadi minane ndiye mwepesi kwa anayeanza: anasema anachotaka, anakwenda chooni, anapenda michezo. Kichanga cha chini ya miezi sita kiache kwanza. Hakuna aibu kusema, "Mama, watoto wadogo hivyo bado sijawazoea." Mzazi mwenye akili atakuheshimu.

Hatua ya pili: huduma ya kwanza kabla ya mteja wa kwanza

Shirika la Safe Sitter, linalofundisha vijana kazi hii nchini Marekani, lilianzishwa mwaka 1980 na daktari wa watoto aitwaye Patricia Keener. Kisa chenyewe kinauma: mtoto wa mfanyakazi mwenzake, wa miezi 18, alikwamwa na kitu kooni akafa, na aliyekuwa naye wakati huo alikuwa mtu mzima. Umri wake haukumsaidia mtoto yule. Kwa hiyo tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto, ya Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu au ya kituo chochote cha afya kilicho karibu. Haya nitakayoeleza hapa ni ya kukuandaa tu. Mikono hujifunza kwa kufanya, juu ya mwanasesere wa mazoezi, mbele ya mwalimu.

Tuanze na kukwamwa, maana ndiko kunakotaka mikono yenye kasi. Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, hewa bado inapita. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kupumua, ndiye wa kumwahi. Akiwa hajatimiza mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili na taya lake umelishika, umpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kitako cha kiganja. Haikutoka? Mgeuze chali, umkandamize katikati ya kifua mara tano. Rudia hivyo hivyo. Aliyezidi mwaka mmoja muinamishe mbele, umpige mgongoni mara tano, kisha simama au piga magoti nyuma yake, zungusha mikono, umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu, mara tano. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Simu ya dharura ipigwe wakati huo huo, ukiwa peke yako weka spika. Mtoto akilegea na kupoteza fahamu, hapo ni kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na ndiyo sababu nimesema uende darasani.

Bora zaidi ni kuzuia. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, karanga, bisi, peremende ngumu na karoti mbichi visikae kwenye sahani yake. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu vipande vinne, soseji nazo zipasuliwe kwa urefu, zisikatwe vipande vya duara vinavyoziba koo kama kizibo.

Ajali ya moto au maji ya moto: maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, na saa uitazame kweli, kwa sababu dakika tano zitaonekana kama nusu saa mtoto akipiga mayowe. Dawa ya meno, mafuta, yai, vyote hivyo viache jikoni. Damu ya pua: ainamishe kichwa mbele, usikiinue juu, ubane sehemu laini ya pua dakika 10. Akimeza sabuni au dawa, usimtapishe. Piga simu ya dharura ukiwa umeshika chupa yenyewe, watakuuliza imeandikwa nini. Na zile betri ndogo za mviringo kama kifungo cha shati, zinazotumika kwenye saa na rimoti, ni hatari kuliko zinavyoonekana: zikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, huanza kuunguza ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba amemeza, ni hospitali, usisubiri dalili.

Hatua ya tatu: kupata familia ya kwanza na kupatana malipo

Usiweke tangazo lenye jina, namba na mtaa wako mahali ambapo kila mtu anasoma. Huwajui wanaosoma. Anza na watu ambao wazazi wako wanawajua kwa sura: majirani, jamaa, waumini wenzenu, wazazi wa wanafunzi wadogo shuleni kwenu. Ujumbe wenyewe uwe mfupi na wenye mambo. Mathalan:

"Shikamoo mama. Nina miaka 15 na nimemaliza mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto mwezi uliopita. Naweza kukaa na watoto wa kuanzia miaka mitatu, Ijumaa na Jumamosi, mpaka saa nne usiku. Nikikuletea namba ya mama yangu, utaweza kuongea naye kwanza."

Sentensi ile ya mwisho ina uzito. Mzazi anayeona kwamba nyuma yako kuna mtu mzima anayejua unakokwenda, hutulia.

Kuhusu pesa, vijana wengi wanaona haya na kusema "utakachonipa tu." Usiseme hivyo. Uliza wenzako wanaofanya kazi hii wanalipwa kiasi gani kwa saa, kisha taja chako kabla ya siku ya kazi. Watoto wawili ni zaidi ya mmoja, kichanga ni zaidi ya mtoto wa shule, na usiku mkubwa ni zaidi ya mchana. Patana pia mambo mawili yanayosahaulika: wazazi wakichelewa saa nzima itakuwaje, na wakiahirisha ukiwa umeshavaa viatu itakuwaje. Kama umeambiwa uoshe vyombo vyote na kupiga deki, hiyo ni kazi nyingine, na anayesugua sufuria hamtazami mtoto. Vyombo mlivyotumia wewe na mtoto, osha.

Kabla ya siku yenyewe, nenda ukawatembelee nusu saa. Mtoto akuone mama yake akiwapo, ili usije ukawa mgeni aliyetokea mama anapotoweka. Kuanzia miezi minane hivi hadi mwaka na nusu, kuogopa kuachwa huwa kukali sana, na kulia mlangoni si dalili kwamba umefanya vibaya.

Hatua ya nne: robo saa ya mlangoni

Fika mapema, dakika 20 kabla ya wao kutoka. Njoo na daftari. Wengine huandika kwenye simu, lakini simu huisha chaji, na mzazi akikuona umeinamia simu hajui kama unaandika au unachati.

Maswali yangu mwenyewe, niliyoyapunguza na kuyaongeza kwa miaka, ni haya:

- Mnakwenda wapi hasa, na mtarudi saa ngapi? Nisipowapata kwenye simu, nimpigie nani aliye karibu?
- Anwani kamili ya nyumba hii ni ipi? (Gari la wagonjwa litaiuliza. Usiku wa taharuki hata ya kwenu unaweza kuisahau.)
- Ana mzio wa chakula, dawa au wadudu? Kuna dawa anayotumia?
- Amekula saa ngapi, amelala saa ngapi, na huwa analalaje? Na nini? Taa ikiwaka au imezimwa?
- Haruhusiwi nini? Na akinidanganya kwamba anaruhusiwa, atasema nini?
- Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii?
- Nepi, tochi, sanduku la huduma ya kwanza viko wapi?

Swali la tano huwachekesha wazazi na huwafanya waseme ukweli. Mmoja alinijibu papo hapo, "Atakuambia baba humruhusu kuruka kutoka juu ya kabati." Na kweli, saa moja baadaye nikaambiwa.

Swali la ufunguo nilijifunza kwa hofu. Usiku mmoja mjomba wa familia alijifungulia mlango bila hodi, mimi nimeshika mtoto, sijawahi kumwona maishani. Alikuwa mjomba kweli. Moyo wangu haukujua hilo.

Kuhusu dawa, simama imara: usimpe mtoto dawa yoyote ambayo mzazi hajakuandikia jina, kipimo na saa. Hata ya homa. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni ya daktari mara moja, na mzazi apigiwe hata kama yuko harusini.

Kisha zunguka nyumba mkiwa pamoja. Angalia madirisha, ngazi, jiko, ndoo. Ndoo yenye maji kiasi cha kufunika vidole inatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kusimama, na anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, hunyamaza. Zimwage zote. Kuogesha mtoto usikubali siku za mwanzo: hakuna mtoto aliyedhurika kwa kulala na vumbi la mchana mmoja.

Mzazi akiwa anaondoka, mwambie aage. Wapo wanaonyata kutoka mtoto akiwa ameelekea pengine, wakidhani wanamwepusha na kilio. Kilio kinakuja tu, na sasa kina wasiwasi juu yake.

Hatua ya tano: ninyi wawili

Dakika kumi za kwanza keti chini. Chini kabisa, sakafuni. Mtoto wa miaka mitatu akikuona uko usawa wake atakuja mwenyewe kukuonyesha gari lisilo na gurudumu. Njoo na kitu kimoja kipya mkobani, kitu cha kawaida tu: chaki za rangi, karatasi kubwa, maboksi matupu ya kujengea nyumba. Hadithi na vitendawili havichakai wala haviishi chaji, na mtoto wa miaka sita anaweza kukutegea vitendawili alivyovitunga mwenyewe mpaka wewe ndiye utakayesinzia.

Anayelia ndiye anayewatoa vijana jasho. Kwa kichanga pita kwa mpangilio: njaa, nepi, usingizi, joto au baridi, gesi tumboni. Halafu mvue soksi utazame vidole, wakati mwingine unywele hujizungusha kwenye kidole cha mguu ukakikaba na hakuna anayeuona. Ukishapita vyote na bado analia, mbebe, tembea naye, mwimbie. Ukihisi damu inapanda, mlaze chali kitandani mwake, funga mlango, nenda chumba cha pili upumue dakika tano, umpigie mzazi. Kamwe usimtikise. Kutikisa kichanga kwa sekunde chache kunaweza kuumiza ubongo usipone tena. Kumwacha alie mahali salama hakumdhuru.

Maziwa ya chupa yapashe kwa kuitumbukiza chupa kwenye maji ya moto. Maikrowevu huacha sehemu zinazounguza katikati ya zilizopoa. Dondoshea kwanza kwenye kifundo cha mkono wako. Ya kopo yaliyobaki kwenye chupa baada ya saa moja tangu aanze kunywa, mwaga. Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapana, hata kwenye ncha ya kijiko, kwa sababu ya vijidudu vya botuli, vinavyotoa sumu tumboni mwa kichanga. Nepi: andaa kila kitu kabla hujafungua, mkono mmoja ukae juu ya mtoto muda wote, upanguse kutoka mbele kwenda nyuma, ukamalize kwa kunawa mikono.

Usingizi nao. Kichanga hulazwa chali, juu ya godoro gumu lisilo na mto, blanketi zito wala midoli. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Kuna bibi atakuambia mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa anayocheua. Mwitikie kwa adabu, kisha umlaze chali: mtoto akiwa amelala hivyo, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa hayapandi kirahisi kuingia humo. Usilale naye kwenye kochi. Mchungulie kila baada ya dakika 15, usikilize pumzi.

Mtoto mkubwa anayegoma kulala ni vita vya aina nyingine, na ushauri wangu ni mmoja: mpe chaguzi mbili zinazokufaa zote. "Upige mswaki kwanza au tusome hadithi kwanza?" Ukimuuliza kama anataka kulala, umeshashindwa.

Hatua ya sita: mlango, simu na picha

Akibisha mtu usiyetarajia, usifungue, na usiseme kwamba wazazi hawapo. Sema kwa sauti kutoka ndani, "Wana shughuli sasa hivi, rudi kesho." Rafiki zako wasije, hata mmoja, hata kwa dakika mbili. Picha za mtoto usizirushe popote. Si zako, na mandhari ya nyuma huonyesha nyumba ya watu. Droo usizoambiwa ufungue, usizifungue.

Na usalama wako una nafasi humu. Kubaliana na mzazi wako neno la siri: ukilituma kwenye ujumbe, hata neno la kipuuzi kama "mpapai", anakuja kukuchukua bila kuuliza maswali. Litumie ukiona mtu anakukaribia kwa namna isiyokupendeza, au aliyepaswa kukurudisha nyumbani ananukia pombe. Katika gari hilo usipande, hata akikasirika.

Hatua ya saba: wanaporudi

Mpe mzazi taarifa kabla hajavua viatu, na uanze na mabaya. Akianguka, sema alianguka wapi, saa ngapi, alilia muda gani. Kwa pigo la kichwa mzazi anahitaji kujua, kwani kutapika mara kwa mara au kusinzia kusiko kwa kawaida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Kikombe kilichovunjika nacho kitaje. Nimewahi kumsamehe kijana kikombe. Aliyenificha uvimbe kwenye paji la uso wa mwanangu, nikaugundua asubuhi, hakurudi.

Kisha yaliyokwenda vizuri: alikula kiasi gani, alilala saa ngapi, alisema neno gani jipya. Chukua malipo, shukuru, na usiondoke mpaka mzazi wako amejua uko njiani. Kabla hujalala, andika kwenye daftari jina la mtoto, anachokipenda, anachokiogopa, na leso yake inaitwaje. Utalihitaji watakapokupigia wiki ijayo.